Zote Zinapita Singida

Mwana wa Dar akitaka kucheki ndinga kali inabidi azunguke mayadini, asimame nje ya geti, ajipige picha na gari la watu mpaka mlinzi amkoromee. Sisi huku hatuna hizo shida. Singida mikoko inakuja yenyewe. Barabara kuu ya kutoka Dar ikishapita Moro, Dodoma na Manyoni inaingia kwetu, halafu inaendelea Nzega, Kahama mpaka mipakani. Kaa maeneo ya Misuna, agiza chai ya rangi na chapati, tulia na wana. Kabla chai haijapoa umeshaona nusu ya Japani imepita, kuanzia baby walker mpaka mnyama wa kutisha, na hujatoa hata jero ya kiingilio.

Kwanza kuna IT. Hizo ni gari zilizoshuka bandari ya Dar zikiwa safarini kwenda nchi za watu, zinatembea na namba za muda zinazoanza na herufi hizo mbili. Viti bado vina nailoni, kioo cha mbele kina karatasi ya maandishi ya Kijapani, na suka ni msela tu kama wewe, kavaa ndala, anatafuna mahindi ya kuchoma huku kashika usukani wa Harrier Anaconda ambayo bado inanukia meli. Mshikaji ataisukuma mpaka mpakani Kabanga, aikabidhi, apande basi arudi Dar kuchukua nyingine. Ukitaka kumjua mtu aliyeshika kila mkoko wa ndoto na nyumbani hana hata baiskeli, ni dereva wa IT. Nyingi zinaelekea Burundi, nyingine Kongo, nyingine Uganda kupitia Mutukula. Rwanda wao wamekaza, wanataka usukani wa kushoto. Burundi ndiyo kichekesho: wanaendesha upande wa kulia wa barabara na bado wanapanda gari zenye usukani wa kulia. Kuovateki lori kule lazima uwe umeshasali asubuhi.

Hapo ndipo tulipojifunzia magari. Dogo wa shule ya msingi huku anakutofautishia Harrier Tako la Nyani na Anaconda usiku, kwa taa za nyuma tu, gari likiwa limeshakata kona. Anajua hii ni GX100, ile ni GX110, hii Crown ni Athlete na ile ni Royal. Hakuna aliyemfundisha. Kakaa tu barabarani anauza karanga.

Sasa ukimuuliza huyo dogo, na wengi tu wa rika langu kijiweni, ndinga ya ndoto ni ipi, jibu linakuja kabla hujamaliza swali: V8. Yaani Land Cruiser, dude lile jeupe ambalo wazee waliliita shangingi enzi za VX. Na sababu iko wazi. Dodoma iko kama kilomita 240 tu kutoka hapa, kwa hiyo mkubwa akitoka kule kwenda kanda ya ziwa anapita kwetu, taa zinawaka mchana kweupe, namba za STL, STK na DFP zinapishana, vumbi linatulia baada ya dakika tano. Mtoto akikua anaona hivyo kila wiki, unategemea aote Passo?

Ila mimi nina neno na wana wa V8. Mkamate mmoja umuulize kwa nini anaitaka. Hakutajii injini, hakutajii difu wala shokapu. Anakutajia trafiki anavyopiga saluti. Hapo huoti gari, unaota cheo, na cheo hakiagizwi Japani. Halafu kuna kitu wengi hawajashtukia. Land Cruiser 200, ile tuliyozoea kuiita V8, ilitoka 2007 na ikapisha mrithi wake 2021. Huyo mrithi, 300, hana V8 kabisa. Kafungwa V6, ikiwemo ya petroli cc 3500 na ya dizeli cc 3300, hizo zina turbo mbili kila moja. Na zina nguvu kuliko za kaka yake. Kwa hiyo ile 300 nyeupe unayoiita "V8 mpya" ikipita Mandewa, mwanangu, umeidanganya. Wenye hela zao pia waliisotea: mwanzoni mwa 2022 Toyota waliwatangazia wateja wa Japani kwamba anayeagiza 300 anaweza kusubiri mpaka miaka 4. Miaka minne! Sisi tumezoea kusubiri, lakini si kwa mtu ambaye ameshalipa.

Tuje kwa wana wa mwendo. Hawa ndoto yao iko chini, karibu na lami. Crown Athlete, Mark X, Altezza, Verossa, na wale wa Subaru ambao ukiwagusa tu wanaanza kukuelezea mlio wa bomba kama wanaelezea sauti ya mpenzi. Mark X ndiyo inaongoza kijiweni kwetu. Imetengenezwa kuanzia 2004, ikafungwa rasmi mwishoni mwa 2019, na ile ya cc 2500 ina farasi mia mbili na ushee wanaosukuma magurudumu ya nyuma. Ikiwa nyeusi, tinti, rimu inchi 18, taa za mbele zimekaza macho, basi demu wa Ipembe hakuulizi unafanya kazi gani.

Shida inaanza ukitoka mjini. Shika barabara ya Manyoni: Puma kibao cha 50, Ikungi 50, Issuna 50, na kati ya kibao na kibao kuna jamaa kavaa nyeupe kajibanza kwenye mti na tochi yake. Una farasi mia mbili, spidomita inakuonyesha mpaka 180, na unatakiwa utembee mwendo wa mtu anayepeleka mayai sokoni. Ukipigwa tochi ni elfu 30 hapo hapo kwenye mfumo. Wana wanasema Mark X haili wese, inakula faini. Wese lenyewe pia linaumiza. EWURA wanatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ukisogeza macho kutoka mstari wa Dar mpaka wa Singida unaona namba inavyonenepa, maana lita hiyo imesafirishwa kilomita karibu 700 kabla hujaimimina.

Kisha kuna D4. Injini ya Mark X 2500, na hizo Crown za kizazi chake, inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haitaki mafuta machafu na haitaki fundi wa kubahatisha. Mafundi wetu wengi ukiwatajia D4 wanafuta mikono, wanakuangalia kwa huruma, wanakwambia, "Dogo, hii tuipeleke Dar." Spea za Gerezani zinakuja na basi, unalipia mzigo, unasubiri stendi usiku, unakuta wamekuletea siyo. Nimemuona mwana kaegesha Crown yake chini ya mwarobaini mpaka kuku wa mama yake wakaanza kutaga kwenye buti. Na kuku wa Singida unawajua, wakishapata makao hawahami mpaka wapakiwe kwenye basi la Dar.

Bado barabara ya kijijini haijaongea. Unatoka lami unaingia njia ya Mkalama au huko ndani ya Ikungi, kuna makorongo yanayomeza bampa. Ndiyo maana kijana wa Singida akinunua gari la chini, kitu cha kwanza ni kwenda kwa fundi kuliinua: springi ndefu, spesa, matairi ya mgongo mkubwa. Wenzetu Japani wanalipa hela kulilaza gari, sisi tunalipa kulisimamisha. Crown iliyoinuliwa inaonekana kama bwana harusi aliyepanda stuli, ila inafika kwa bibi.

Ndoto nyingine zilizaliwa banda umiza. Sisi wa umri fulani tuliona Supra ya rangi ya chungwa kwenye ile movi ya 2001 ya Paul Walker na Vin Diesel, halafu Skyline R34 ya fedha kwenye ya pili mwaka 2003, tukatoka nje saa mbili usiku tukipiga honi kwa mdomo mpaka nyumbani. Kuna wana mpaka leo hawajapona. Watakuchambulia 2JZ ya Supra na RB26 ya Skyline bolti kwa bolti, na leseni ya daraja D hawana. Kwa sheria zetu Supra ya zamani inaweza kuingia Bongo bila noma. Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii, Uganda mwisho ni miaka 15, sisi linaingia, ila utalilipia uzee wake. Tatizo ni Mmarekani. Kwao kuna sheria ya miaka 25: gari lililokuwa haramu likifikisha umri huo linaruhusiwa. R34 za kwanza zenye RB26 ni za 1999, kwa hiyo 2024 geti likafunguka, na bei iliyokuwa imeshapaa miaka kadhaa kwa kusubiri siku hiyo haijashuka. Unashindanaje mnadani na mtu wa Texas wakati wewe unategemea gunia za alizeti, tena mwaka ambao bei ya alizeti imelala?

Hapa ndipo ninapoipigia saluti IST. Najua, wana wa mwendo watanitukana. Baby walker, gari la mama mwalimu, gari la kwendea kanisani. Sawa. Ilianza kutoka 2002, injini nyingi ni cc 1300 au 1500, kila fundi wa gereji za Majengo anaifungua amefumba macho, spea zake unazipata mpaka Kiomboi. Vijana wengi wa huku walioanza kushika usukani wao wenyewe wameanzia humo. Na sababu kubwa inakaa kwenye kikokotoo cha TRA, siyo kwenye mapenzi. Chukua mfano gari limefika bandarini likiwa na thamani ya milioni 10, usafiri na bima ndani yake. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, imeshafika 12.5. Ukija ushuru wa bidhaa, injini ya kati ya cc 1000 na 2000 ni asilimia 5, ikizidi 2000 ni asilimia 10. Halafu VAT asilimia 18 juu ya jumla yote. IST inatoka na kodi ya kama milioni 5.5, Mark X ya thamani hiyo hiyo kama 6.2. Bado vitozo vidogo vidogo, na bado ushuru wa uchakavu unaoanza gari likigusa miaka 8, ambao ndio unaowaliza wengi, kwa sababu gari la milioni 10 huwa halijazaliwa jana. Usitegemee risiti ya Mjapani pia, TRA wana jedwali lao la thamani. Mwana anaona bei kwenye tovuti ya BE FORWARD anaruka ruka, anapost kwenye stetasi "soon", halafu akimaliza kupiga hesabu anaifuta hiyo stetasi kimya kimya.

Ndiyo maana wengine wamehamishia ndoto kwenye mkeka. Timu 14, dau buku, Mark X. Wiki ijayo mkeka umechanika kwa timu moja ya ligi ya Finland ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Sina la kuongeza.

Wapo pia ambao ndinga yao ya ndoto haina siti za nyuma. Hawa ni wana wa malori, na Singida ni kwao kwelikweli, maana huwezi kukulia kwenye barabara hii usiyajue. Ukitaka kumwelewa kijana anayeota Scania nenda naye Sekenke. Ukitoka Misigiri kuelekea Shelui ardhi inakatika ghafla, unashuka bonde lile refu, mbele kumetanda mbuga ya Wembere mpaka macho yanachoka. Zamani kabla barabara haijanyooshwa vizuri, suka aliyeshusha Sekenke na tani 30 mgongoni alikuwa anaheshimika kijijini kuliko mjumbe. Hata leo ukishuka kwa breki badala ya gia utaisikia harufu kabla ya kuona moshi. Kuna utingo mmoja alinieleza kwamba bosi wake hamtazami usoni, anamtazama mguu wa kushoto na mkono wa gia, anahesabu. Hiyo ndiyo shule yake, na leseni ya daraja E ndiyo digrii. Na kwa wale wanaolia V8, V8 yenyewe iko huku: Scania wanaifunga kwenye malori tangu 1969, ya kwanza ilikuwa lita 14 na farasi 350, na kuanzia 2020 wana ya farasi 770. Zinazopita kwetu nyingi ni silinda sita zilizojipanga mstari, ila mlio wa lori saa tisa usiku, likipanda na mzigo wa Dar, unaamsha mtaa mzima na hakuna anayelalamika.

Siku Simba au Yanga wanapokuja kucheza na Singida Black Stars, mambo yanakuwa matamu zaidi. Mashabiki wanatoka Dodoma, Arusha, Mwanza, kila mtu na chuma chake, barabara za kuzunguka uwanja zinajaa Prado, Vanguard, Forester, namba D na namba E zimebanana. Wana wa kijiweni kwetu nusu yao hawaingii ndani. Wanazunguka nje wakichungulia dashibodi, mikono nyuma kama wakaguzi wa shule, na magoli wanayasikia tu.

Siku moja ya namna hiyo tulikuwa tunabishana, Crown au Mark X, kelele mpaka muuza kahawa anacheka. Kuna sista mmoja huwa anakaa na sisi, anafanya mishe za vitunguu pale soko la Misuna, ananunua kwa wakulima anauza kwa wenye malori. Alikuwa kimya muda wote anakunywa kahawa yake. Mwishoni akauliza, "Sasa hiyo Crown inabeba gunia ngapi?"

Wana wakacheka. Mmoja akamwambia, "Dada'ngu, hapa tunaongelea ndoto, siyo mzigo."

"Na mimi naongelea ndoto," akasema. "Nataka Hilux. Dabo kabini, dizeli, ya manyoya." Alimaanisha yenye matairi ya meno manene, yanayotafuna tope. "Asubuhi inaniingiza shamba mpaka kwenye matuta, sikodishi mtu. Jioni naiosha, naweka manukato, navaa gauni, naenda nayo harusini. Nyie Crown yenu ikinyesha inalala nyumbani."

Kimya kilichofuata si cha kawaida pale kijiweni. Mwana wa Mark X alijaribu kutaja spidi, akaambiwa spidi ya kwenda wapi. Mi mwenyewe nilikuwa upande wa Crown siku ile, lakini hoja ya matuta sikuwa na jibu lake, na nikianza kufikiri vizuri naona hata Hilux inaishia njiani kabla ya pale ninapotaka kufika mimi.

Kwa sababu mimi nataka Mkonga. Land Cruiser 70, ile ndefu ya milango miwili mbele na miwili ya kufungukia nyuma, kile kibomba cha hewa kimepanda pembeni ya kioo. Toyota wameanza kuitoa 1984 na mpaka leo haina aibu ya kufanana na ya mwaka huo. Injini 1HZ, dizeli, silinda sita, cc 4164, haina turbo, haina mbwembwe za kompyuta. Matenki mawili ya lita 90 kila moja. Unajaza Itigi, unaingia njia ya Rungwa, msitu mtupu, nyuki na tembo, na huwazi kabisa sheli iko wapi. Nyuma watu wanakaa kwa kutazamana, magoti yanagongana, kwenye shimo mnagongana vichwa mnachekana. Ndiyo gari la misheni, ndiyo ambulansi, ndiyo gari la maaskari wa wanyamapori. Nusu ya watu wazima wa vijijini huku, safari yao ya kwanza ya gari ilikuwa humo, wakiwa wagonjwa au wakiwa bado tumboni.

Mwendo hana, tusidanganyane. Kwenye lami IST inakupita na mwenye nayo anakupungia mkono. Springi zake za nyuma ni za majani, ukipita rasta unahesabu mbavu. Wese anakunywa. Toyota siku hizi wanauza 70 mpya yenye injini ndogo ya cc 2800 na gia za kujibadilisha zenyewe, taa za kisasa, na watu wanasema imetulia. Sitaki iliyotulia. Nataka ile ya 1HZ ambayo fundi wa Itigi anaishusha injini chini ya mti kwa winchi na wana wawili, anairudisha kabla ya magharibi, na bolti zinazobaki anakwambia hazikuwa na kazi.

Bei yake najua. Mkonga wa miaka 20 bado unauzwa kama ni wa juzi, maana wanaoutaka ni mashirika na kampuni za uwindaji, siyo msela wa Utemini. Sina haraka. Kama una wako upo tu uani kwa mzee, unaota nyasi, nichekie. Rangi yoyote, kutu siogopi, kadi iwe halali. Nitumie video ikiwashwa asubuhi injini ikiwa ya baridi, rimu siulizii. Na tafadhali sana, dalali asijue.